Kichaka cha Kisogoni

Wateja walimwita Mkono Mwepesi, kwa sababu katika miaka yote ya kunyoa hakuna mtu aliyewahi kuinuka kwenye kiti chake na tone la damu. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi cherehani na duka la vipuri vya baiskeli. Ndani mlikuwa na kiti cha kuzunguka ambacho kilishagoma kuzunguka, kioo chenye ufa uliompa kila mteja pua mbili, chupa ya spiriti, kopo la poda, na mashine mbili, moja ya kazi na nyingine ya kunyofolewa vipuri. Lakini kila Jumamosi asubuhi gari jeusi lilisimama mlangoni, naye alilifuata hata kama ilibidi kumwacha mtu na nusu kichwa. Ndiyo siku aliyokwenda kumnyoa Mheshimiwa, mkuu wa nchi.

Majirani walidhani anakula na kulala na wakubwa. Ukweli ni kwamba alichokijua zaidi cha Mheshimiwa ni utosi.

Kazi ya kinyozi ina adabu zake. Mtu uliyemwekea wembe kooni hubishani naye, atadhani unamtisha. Mteja akiwa shabiki wa timu hii, na wewe ni wa timu hiyo hiyo mpaka atakapofutwa poda, kisha anakaa wa timu ile nyingine na wewe unahamia kwake bila aibu. Tena kinyozi haruhusu ukimya. Mteja akinyamaza sana huanza kuusikiliza wembe, akaogopa, akatikisika. Basi kinyozi hulijaza lile pengo kwa maneno yoyote yanayomjia mdomoni. Mkono Mwepesi alikuwa hodari wa yote mawili, na ndiyo maana alipendwa.

Mheshimiwa alinyolewa katika chumba cha vigae vyeupe, karibu na dirisha, shuka shingoni na simu chini ya shuka. Simu ile iliwaka humo kama taa ndani ya chandarua. Alikuwa mtu wa kugombana mtandaoni. Aligombana na waandishi wa habari, na wapinzani, na mwimbaji mmoja aliyekataa kumtumbuiza, na siku ambazo hakupata wa karibu aligombana na marais wenzake. Akimaliza kuandika alisoma kwa sauti, akamuuliza kinyozi imekaaje. Kinyozi alisema imekaa. Angesema nini kingine?

Jumamosi moja Mheshimiwa alikuwa na hasira na rais wa nchi jirani. Malori yalikuwa yamezuiwa mpakani, na yule jirani alikuwa amesema hadharani kwamba upande wa pili hawajui kusimamia mpaka wao. Mheshimiwa alitoa simu chini ya shuka, akainyanyua mpaka karibu na pua ya kinyozi. Kwenye picha yule jirani alikuwa anashuka kwenye ndege, akionekana kwa nyuma.

"Hebu mtazame huyu," alisema. "Wewe fundi, unamwonaje?"

Mtu mwingine angeona rais. Kinyozi aliona kichwa. Ndivyo walivyo watu wa kazi hiyo, hata msibani macho yao huanzia kwenye visogo vya watu waliosimama mbele. Akainama, akatazama kwa makini ya kweli kabisa.

"Aliyemnyoa alikuwa na haraka, Mheshimiwa. Juu kajitahidi, ila kisogoni kamwachia kichaka."

Mheshimiwa alicheka mpaka povu likamrukia kinyozi kwenye miwani. Kidole gumba kikaanza kukimbia. Kabla wembe haujafika kwenye shavu la pili, dunia nzima ilikuwa imeshasoma kwamba mtu aliyeshindwa kufyeka kichaka cha kisogoni mwake hana ubavu wa kumfundisha mwenzake kusimamia mpaka. Akanyolewe kwanza, ndipo waje wazungumze.

Mji ulicheka. Saluni ilijaa watu ambao hawakuwa na nywele za kunyoa, wamekuja tu kurudia maneno yale mbele ya kioo. Mkono Mwepesi aliyapokea kama mtu anayesikia wimbo wake redioni na hawezi kusema ni wake. Nyumbani alishindwa kujizuia, akamwambia mkewe. Mkewe alicheka akashika mbavu, akamwambia mume wangu, kumbe na wewe ni mtu mkubwa.

Wa upande wa pili hawakucheka. Walimwita balozi wao arudi. Mheshimiwa akaandika kwamba aende salama na asisahau kitana. Wao wakafunga mpaka. Waziri wa mambo ya nje alijitokeza kwenye televisheni, jasho likimtoka, akasema ulikuwa utani wa kindugu, na kabla hajamaliza sentensi Mheshimiwa alikuwa ameshaandika kwamba hakuwa anatania. Ndipo jirani alipofuta vibali vya wote waliokuwa wanaishi kule, wafanyabiashara, mafundi na wanafunzi.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwepo binti pekee wa Mkono Mwepesi.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha ukunga. Alibakiza mtihani wa vitendo tu, ule wa kuzalisha mbele ya wasahihishaji, apate cheti na kuitwa mkunga. Alifika nyumbani na begi moja na sare zake zikiwa bado mbichi, kwa sababu alizianua kwenye kamba na kukimbia. Mama yake alizitandaza kwenye viti, na kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kuvikalia.

Lakini binti hakuja amekata tamaa. Aliwaeleza wazazi wake kwamba mkuu wa chuo, mama mmoja mkali ambaye wanafunzi walimwogopa kuliko mitihani, aliwakusanya usiku ule wa kuondoka akawaambia majina yao hatayafuta. Vumbi likitulia atawaita mmoja mmoja, waje wafanye mtihani, waondoke. Sharti lilikuwa moja. Wasilalamike kokote, wasiandike kitu, wasijulikane.

"Tukae kimya tu, baba," alisema. "Mambo yataisha."

Mkono Mwepesi aliitikia kwa kichwa, lakini ndani alikuwa anaungua. Kila alipoziona zile sare alikiona kile kisogo. Mkewe alimjua, akamfuata uani akamwambia aache. Alisema walicheka wote wawili na sasa wote wawili wafunge midomo, mtoto amekwishajitafutia njia. Kinyozi alimjibu kwamba maneno yaliyotoka mdomoni mwake lazima ayarudishe yeye mwenyewe. Akimwomba Mheshimiwa aifute ile posti, jirani naye atalegeza. Mkewe alimtazama kama mtu anayetazama maziwa yanapanda na yuko mbali na jiko.

Jumamosi iliyofuata alinyoa bila kukosea. Alisubiri amkaushe Mheshimiwa uso, aweke wembe pembeni, ndipo akaanza, na neno la kwanza lilipotoka yakafuata yote. Alisema ana binti. Alisema mwaka wa mwisho. Akaomba, kama itampendeza, ile posti ya kichaka iondolewe.

"Mimi sifuti," alisema Mheshimiwa, bila ukali wowote. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amjue. Aligeuka akamtazama usoni. Akamuuliza chuo gani. Akamuuliza binti alirudije, na alikuwa na hali gani alipofika. Aliuliza kama baba anavyomuuliza baba mwenzake, akajibiwa yote.

Halafu akanyamaza.

Ukimya huo ndio uliomponza Mkono Mwepesi. Mkono ukatafuta kitana, mdomo ukatafuta maneno. Ili asionekane anawasema vibaya watu wa kule, na ili Mheshimiwa alainike zaidi, akaongeza kwamba kule si wote wabaya. Hata mkuu wa chuo mwenyewe ni mama mwema, kawaahidi watoto kwamba majina yao hatayafuta, atawaita kimyakimya wafanye mtihani. Chini ya shuka simu iliwaka. Kinyozi akaona kidole gumba kinakwenda, moyo ukamtulia. Alidhani anafuta.

Jioni ile alikuwa na mteja kitini, kichwa kimepakwa povu nusu, binti alipoingia saluni. Hakuwa na kawaida ya kuja pale. Alisimama nyuma ya baba yake akasoma kwenye simu yake kwa sauti ya mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la msiba. Mheshimiwa alikuwa ameandika kwamba binti wa kinyozi wake, mkunga wa kesho, kafukuzwa kama mhalifu, na akakitaja chuo. Akaandika pia kwamba hata mkuu wa chuo hicho anamwonea aibu rais wake, ndiyo maana anawaficha wanafunzi wetu.

Mteja aligeuka na povu lake, akampa kinyozi mkono. Akasema hongera sana mzee, mtoto katajwa na mkuu wa nchi.

"Baba," alisema binti, "habari za Mama Mkuu alizitoa wapi?"

Mashine ilikuwa mkononi inanguruma hewani. Hakuizima. Binti akageuka, akatoka.

Mama Mkuu alisimamishwa kazi kesho yake. Alipigwa picha akitoka langoni na mkoba wake, na picha hiyo nayo Mheshimiwa aliiposti, na maneno ya kejeli juu yake. Wanafunzi wenzake walimpigia binti simu kwa zamu. Wengine walilia, mmoja akamuuliza kama baba yake amelipwa. Binti alizikunja zile sare akazitia kwenye mfuko wa plastiki, mama akavirudisha viti mahali pake.

Ugomvi wenyewe haukufika mbali. Msimu haukwisha wakubwa walikutana kwenye mkutano wa nchi nyingi, wakakumbatiana, na Mheshimiwa akaposti picha wakiwa wameshikana mikono, juu kaandika "ndugu yangu wa damu". Watu waliipenda kuliko yote aliyowahi kuandika. Mpaka ukafunguliwa. Chuo kilipata mkuu mpya, na wale wanafunzi ambao hakuna aliyewajua majina walirudi mmoja mmoja, wakafanya mtihani, wakapata vyeti. Binti yeye aliambiwa asubiri. Alipouliza tena aliambiwa suala lake ni la kisiasa, linashughulikiwa ngazi za juu. Alipouliza mara nyingine simu haikupokelewa.

Alipata kazi kwenye duka la dawa, kupanga chupa na kuuza vidonge vya kichwa. Wajawazito wa mtaa, waliosikia kwamba alisomea, walimwuliza mambo yao juu ya kaunta. Aliwajibu waende hospitali.

Ijumaa moja walikuwa mezani watatu, wanakula. Mkono Mwepesi alikuwa amekizungusha kijiko muda mrefu. Mwishowe akasema kesho ni siku yake ya kule, na siku hizi Mheshimiwa ana furaha, naye akiona nafasi nzuri anaweza kumgusia kidogo habari ya binti kupokelewa chuo cha hapa nyumbani, amalizie.

Mkewe aliweka bakuli chini. Alimtazama mumewe, naye mume akatazama meza, na kwa muda ilionekana kama mmoja wao angemwambia binti kile kisa cha kichaka kilianzia wapi. Kisha mama akaliinua tena bakuli lake.

"Baba, naomba kitu kimoja tu," alisema binti. Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi kulisikia. "Usinisemee. Kwake wala kwa mtu yeyote. Hata kwa wema."

Akainuka, akakusanya sahani zote, na ya baba yake ambayo haikuwa imekwisha, akaenda nazo jikoni.