Pande Mbili za Pazia la Tekla

Mimi Faustina ni fundi wa mapazia, na ulimi wangu ni mkali kuliko mkasi wangu. Nimeshona Iringa miaka kumi na tisa, pazia langu halijawahi kurudishwa. Nasema mapema ili mjue ni kiburi gani kilichomponza Tekla.

Tekla ni mke wa Adrian, wa Ilula. Zamani aliuza nyanya barabarani. Basi likipunguza mwendo tu, yeye ndiye wa kwanza kufika dirishani na ndoo yake, huku akiwachekesha abiria na wenzake. Adrian alipomaliza nyumba ya madirisha ya alumini, akasema mke wake hakimbilii tena mabasi. Mwenyewe kazi yake iko Mbeya, hurudi mwisho wa mwezi. Akamleta mama yake akae na Tekla. Wao wanasema kukaa naye, mimi nasema kumlinda.

Niliitwa kupima madirisha kwa sababu Jumamosi jumuiya ilikuwa inakuja kusali pale, na nyumba isiyo na mapazia ingeleta maneno.

"Kamwene, mama," nikamsalimu mama mkwe.

"Kamwene. Karibu ndani."

Nikatandaza vitambaa. Tekla akachukua neti nyeupe, akaiinua mbele ya dirisha la sebuleni. Barabara ilionekana kupitia neti ile, pamoja na wanawake wenye ndoo. Akatabasamu.

"Hiyo hapana," mama mkwe akasema. "Adrian kasema kitambaa kizito. Na maua yatazame nje, watu wa barabarani wayaone."

Kwetu wapo wanaotundika hivyo. Uzuri wa pazia ni wa wapita njia, mwenye nyumba anabaki na mgongo wa maua. Tekla akaikunja neti taratibu, akanirudishia. Niliumia kumtazama.

Mama alipokwenda kuangalia maharage jikoni, Tekla akanishika mkono.

"Dada, lile pazia la dirisha la barabarani ukosee. Kila upande upunguze vidole viwili, pande zisikutane katikati. Mama akiuliza, sema kitambaa kilipungua."

"Nikosee mimi?"

"Kila siku nawasikia wakiita abiria. Nataka niwaone tu. Nitakufa humu ndani, dada."

Nikamwambia nitaona. Lakini nilipokaa kwenye cherehani nikaiwaza jumuiya nzima imeketi pale, inatazama pengo, inaulizana fundi ni nani. Ilula nina wateja saba. Nikakata kipimo kamili, na kwa usalama wangu nikaongeza vidole vinne.

Ijumaa nikaenda kuyatundika. Mama mkwe akayavuta mwenyewe. Pande mbili zikakutana, zikapandana, sebule ikaingia giza saa tano asubuhi.

"Huyu ndiye fundi," akasema.

Nje basi likapunguza mwendo, wanawake wakaita, "Nyanya, nyanya." Tekla alikuwa amesimama akitazama pale pande zilipopandana. Nilitaka anitukane. Akanimiminia chai, akaniongezea sukari.

"Umeshona vizuri, dada."

Ulimi wangu wote ule ukaishia kunywa chai.

Jumatatu wanawake watatu wa jumuiya ile wakanipigia simu. Wote wanataka mapazia kama ya kwa Tekla, yanayofunga vizuri.