Miguu Ikikuja, Zizime

Jirani yangu, kijana fundi umeme, alikuwa amemaliza kutandaza waya nyumbani kwa mama yake. Kila taa aliiunganisha na kijikompyuta, ili mtu akikaribia lango nyumba nzima iwake yenyewe. Akanituma langoni nijaribu. Taa zikawaka zote, na ndani nikasikia kishindo cha beseni.

Nilimkuta mama amepiga magoti, ameifunika taa ya meza kwa beseni, kama tulivyofunika koroboi wakati wa vita.

"Nani amewasha?"

"Hapana muntu, mama," kijana alimjibu. "Njo waya inawasha. Inasikia miguu inje."

"Inasikia miguu, halafu inawasha?" Alilikandamiza beseni juu ya taa. "Wale wa bunduki walikuwa wanagonga pahali iko mwangaza!"

Kijana alitazama chini. "Programu ni ya wazi, mama. Kila muntu anaweza kuibadilisha."

"Basi badilisha. Miguu ikikuja, zizime."

Akabadilisha. Jana jioni nilikwenda kuwasalimia, madirisha yote yakiwaka. Nilipogusa lango, giza.

Watu wanapenda kusema vita iliisha zamani. Mimi nilijikuta nimechuchumaa kwenye majani, nimeziba mdomo, nikisubiri aliyekuja apite. Aliyekuja nilikuwa mimi.