Kipande Changu cha Njia

Vuli ya mwaka ule, siku za Ujamaa, mvua ilinyesha kama iliyopewa posho. Ilipokatika, kingo za njia yetu ya kwenda msituni zilijaa maua: ya zambarau yenye majani ya manyoya kama sikio la mbuzi, ya waridi penye majimaji, na ya manjano kila mahali. Sisi tuliozaliwa huko Usambara tuliyaita yote kwa jina moja: magugu.

Mwalimu mmoja kutoka Tanga, mama wa makamo, alikuwa na wazimu wa magugu hayo. Nilikutana naye soko la Lushoto akinibana bei ya plamu, na hapohapo tukapatana. Jumamosi ningempeleka kwenye maua. Naye, kwa Landrova ya chuo chao, angenishushia matenga manne ya plamu hadi Mombo. Malori yalikuwa yamelala kwa kukosa vipuri, na plamu iliyoiva haisubiri vipuri.

Nikamwambia balozi wetu wa nyumba kumi kwamba Jumamosi kuna mgeni, atapita njia ya msituni. Sikusema anafuata nini. Nani angeniamini kwamba mtu mzima anapanda gari kuja kutazama magugu?

Ijumaa jioni nikarudi kutoka sokoni. Njia ilikuwa nyeupe! Kwetu mgeni akija, njia hulimwa hadi udongo ung'ae, kila nyumba na kipande chake. Maua yalikwisha kubebwa kulishwa ng'ombe zizini. Nikahesabu vipande vilivyolimwa: tisa. Nikarudia: tisa. Cha kumi kilikuwa changu, kimechanua ajabu, kwa kuwa mke wangu alishinda akipanga plamu kwenye matenga.

Asubuhi nikamkuta balozi pale pale, jembe begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyumba tisa zimelima, wewe umefuga pori. Nimekuja kukusitiri."

"Mzee, acha. Mgeni anayataka hayo."

"Anayataka magugu? Ana mbuzi?"

"Anayatazama tu."

Alinikagua kama noti iliyochanika. "Umekunywa nini asubuhi yote hii?"

Nikamuahidi plamu za wajukuu, kofia nzima. Akasema kofia yangu ndogo. Tukapandisha hadi kikapu, naye bado jembe hakulishusha. Akalinyanyua. Ndipo Landrova ikanguruma kwenye kona.

Mwalimu alishuka, akamwamkia mzee, akatembea vipande tisa vya udongo mtupu akitafuta kwa macho kushoto na kulia. Nikaanza kuyaona matenga yangu yakioza. Alipofika kwangu alipiga magoti matopeni na gauni lake safi.

"Jamani! Haya hapa!" Akayagusa ya zambarau kwa ncha ya kidole, kama anayepima homa ya mtoto. "Nani ameyatunza hivi?"

Nikafungua mdomo. Balozi akanitangulia.

"Kijiji, mwanangu. Tumeyaacha kusudi. Nimelala na wasiwasi watu wasije wakayalima."

Jembe lilikuwa tayari nyuma ya mgongo wake.

Mwalimu alikaa pale mpaka jua likawa kali. Balozi alimsimulia habari za kila ua, nyingi akizitunga papo hapo, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Ukishauza, huiponzi biashara yako. Tulipoanza kupakia, mzee akanivuta kando.

"Kikapu kile, nakusamehe."

"Asante sana, mzee."

"Ila na mimi nina tenga moja la plamu nyumbani. Nimeona gari linabeba manne."

"Yangu ni manne, mzee."

"Basi nimweleze mwalimu ni nani hakutuambia anafuata maua, hata vipande tisa vikalimwa?"

Landrova ilipoondoka nilihesabu matenga. Manne. Nikayahesabu tena ilipokata kona: manne bado, yangu matatu na la mzee moja. Langu la nne, lililobaki, walilimaliza watoto wa nyumba zote kumi, wamekaa kwenye kipande changu katikati ya maua, wakitemeana kokwa.