Hatua Mia Mbili Kutoka Mtoni

Ezra alifia shambani, kijijini Ngonga, mchana wa Jumatatu. Mkewe Prisca, aliyekuwa akipalilia mpunga karibu naye, alimwona akichuchumaa taratibu, akadhani anang'oa gugu. Alipomsemesha, hakujibiwa.

Ezra alikuwa amesema miaka yote kwamba siku yake ikifika alazwe migombani, nyuma ya nyumba, kando ya binti yao Naomi aliyefariki akiwa na miaka minne. Prisca hakudhani jambo hilo lingezua neno. Ukingo wote wa mto unaopita nyuma ya migomba hiyo una makaburi. Baba yake Ezra yuko pale, na babu yake pia.

Kaka mkubwa wa marehemu, Hezroni, alitaka mdogo wake azikwe kwake Busale, alikolala mama yao. Wazee wa ukoo walikataa, kwa kuwa wosia wa Ezra waliusikia kwa masikio yao. Hezroni hakubishana nao. Kesho yake kaburi likiwa limefika kiunoni, alitokea na mtendaji wa kijiji, aliyebeba jalada la sheria ndogo, kurasa zake zimeliwa na mende.

Mtendaji alisoma akiwa amesimama. Mwaka wa kipindupindu, kabla Prisca hajaolewa, kijiji kilipitisha kwamba mtu asizikwe ndani ya hatua mia mbili kutoka mtoni. Prisca akamwambia kwamba hata mwenyekiti aliyetia sahihi karatasi ile amezikwa karibu na maji kuliko Naomi.

"Najua, mama," mtendaji alisema, macho chini. "Lakini imeandikwa, na mtu amelalamika. Nikinyamaza, nitaulizwa mimi."

Prisca akamvuta Hezroni pembeni, akamwomba kwa jina la baba yao. Hezroni naye alikuwa akilia.

"Shemeji, si mimi," alisema. "Ni sheria."

Kiwanja chao chote kilikuwa ndani ya hatua hizo mia mbili. Wachimbaji wakafukia shimo lisilo na mtu. Jeneza likapakiwa kwenye gari, likaenda Busale.

Miezi ya mwanzo Prisca alikwenda huko kila Jumapili baada ya ibada. Masika yalipoingia, barabara ikajaa maji, na magoti yake hayakuwa yale ya zamani. Akawa anapalilia kaburi la Naomi peke yake, akimweleza mumewe habari za nyumbani kwa sauti, kisha akikumbuka kwamba hayupo pale.

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama, akaomba kifungu kile kifutwe. Mwenyekiti wa sasa alimjibu kwa upole.

"Mama Naomi, sheria hiyo haitumiki. Tuifute ya nini?"

Watu wakacheka kidogo, bila ubaya.

"Kwangu ilitumika," Prisca alisema, akakaa. Wakaendelea na habari ya mfereji.

Mwaka huohuo alifariki baba yake Gwamaka, jirani wa nyumba ya tatu. Alizikwa hatua chache tu kutoka mtoni. Hakuna aliyelalamika, na mtendaji mwenyewe alikuja kutoa pole za ofisi. Prisca alikwenda tangu alfajiri, akachambua mchele na wanawake wenzake, akalia na wafiwa. Ila wakati wa kutupia udongo ulipofika na watu wote wakashuka mtoni, alibaki jikoni, akichochea kuni zilizokuwa zinawaka vizuri.