Miaka Kumi Bila Kumgusa Bazovuga

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Kinindo, Bujumbura. Mlango wa zamani umelazwa juu ya mapipa mawili uani, na juu yake amelala mbwa jike wa rangi ya mchanga. Anahema kwa haraka. Inzi wanamwandama kwenye titi la nyuma, ambako uvimbe mkubwa kama parachichi umepasuka.

Pembeni amesimama Twalibu, zamu, yaani mlinzi, wa nyumba hii, mikono mgongoni. Hajamsogelea.

"Mzee, niambie," anasema Dokta Hyacinthe, daktari wa mifugo, akipangusa miwani. "Nimukate, ao nimulaze moja kwa moja, asiamuke tena?"

Swali lenyewe si dogo. Tangu vita vikaze, dawa ya usingizi imekuwa adimu mjini, na chupa ya daktari imebaki na kidogo. Tena mbwa ana miaka kumi na mitatu. Akipewa dozi kamili, moyo wake unaweza kusimama. Akipewa nusu, atasikia kisu, na lazima ashikwe kichwa na mtu anayemwamini, asije akaruka.

Mtu huyo ni mmoja tu, na hajamgusa mbwa huyu hata siku moja.

Twalibu ni mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, Mwislamu, baba wa watoto watano. Alikuwa fundi wa breki za malori. Mwaka 1993 barabara za mikoani zikawa za hatari, malori yakapungua, naye akachukua kazi ya ulinzi. "Mushahara inanunua unga," anasema. "Maharagi inakuja na dua."

Mbwa huyu Twalibu alimkuta tayari yupo hapa. Mwenye nyumba, Mama Caritas, mtumishi wa serikali, ndiye aliyempa jina la Kirundi, Bazovuga, maana yake watasema. Lilikuwa jibu lake kwa majirani waliomteta alipojenga peke yake, bila mume.

Kwa Waislamu wa Buyenzi, mate ya mbwa ni najisi. Yakikupata, unaosha mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Basi Twalibu akajiwekea utaratibu wake: chakula cha mbwa anakisukuma kwa fimbo, na nguo za swala zinaning'inia juu, ndani ya mfuko.

Kilichomshangaza ni kwamba mbwa naye alishika utaratibu huo.

"Mi sikumufundisha," anasema. "Nikitandika mukeka, anainuka, anaenda kulala kule kwa bomba. Nikitoa salamu, anarudi. Nani alimuambia?"

Kisha yakaja mabomu, na mtaa mzima ukamjua Bazovuga. Kabla mtu hajasikia kitu, yeye alikuwa ameshaingia kwenye mtaro wa maji wa uani, amelala bapa, masikio nyuma. Akina mama walizoea kuchungulia juu ya ua. Mbwa yuko mtaroni? Watoto ndani! Twalibu naye alijitupa kwenye mtaro huohuo, mmoja huku, mwingine kule.

"Siku moja bomu ilitoboa tangi ya jirani," anakumbuka. "Sisi wote tulikuwa chini tayari. Nikasema, Subhanallah, hii si masikio tu."

Lakini mwaka huu wa 2003 masikio hayo yamekufa. Mabomu ya mwezi wa saba yalimkuta amelala juani, naye hakutikisika. Majirani wakaacha kuchungulia. Uvimbe ukatokea baada ya hapo.

Mama Caritas, ambaye leo ameomba ruhusa kazini, ameketi barazani. Alishamwambia zamu wake neno lake: "Mzee Twalibu, nitalipa lolote utakalochagua. Wewe ndiye unashinda naye. Amezeeka, hasikii. Sitaki ateseke kwa ajili ya machozi yangu."

Twalibu alikwenda kwa sheikh wa msikiti wake. "Akaniuliza, maji iko? Nikasema iko. Udongo iko? Nikasema iko. Akasema, sasa unaniuliza nini?" Anacheka mwenyewe akisimulia.

Mafundi wenzake wa zamani hawakumwonea huruma. "Wee Twalibu!" alipaza sauti Massoudi, akiwa chini ya gari. "Breki imekushinda, sasa umekuwa nesi wa imbwa?"

"Imbwa inajua mahali pa kusimama," alimjibu. "Magari yako haijui!"

Utani ni utani, lakini moyoni alikuwa na mzigo. "Apana, sikuogopa najisi," anasema. "Niliogopa kumutesa. Labda yeye amechoka, na mi ndiye sitaki aende."

Jibu limekuja leo, alipomfungulia daktari geti. Bazovuga hakusikia kitu, lakini alimwona mgeni. Akainuka kwa shida, akaanguka, akainuka tena, akaja kusimama katikati, kati ya mgeni na zamu wake.

"Mwenye kuchoka hasimami vile," anasema Twalibu. Kisha anamgeukia daktari. "Kata."

Anakunja mikono ya shati. Anasogea, anaweka viganja viwili juu ya kichwa cha mbwa, anashika.

Daktari anamchoma mbwa nusu dozi, anangoja kidogo, kisha kisu kinaingia. Mbwa anatetemeka mwili mzima, lakini haruki. Mate yanamtoka. Ndipo, mbele ya macho ya wote, anageuza pua polepole, mbali na vidole vya Twalibu, na kuiegemeza kwenye aproni ya daktari.

Daktari anasimamisha mkono. Mama Caritas anafanya ishara ya msalaba.

"Hata sasa?" ananong'ona Twalibu. "Hata sasa, we? Leo lamba tu."

Hakulamba.

Kufikia adhuhuri nyuzi zimefungwa na mbwa yuko kivulini, ubavu ukipanda na kushuka. Dokta Hyacinthe hafichi: ugonjwa waweza kurudi, na kidonda kitataka kuoshwa kila asubuhi na jioni. Haulizi nani ataosha.

Twalibu yuko bombani, mikono hadi viwiko imejaa udongo, anahesabu midomo ikicheza.

"Siombi miaka," anasema akimaliza. "Naomba kidonda ifunge, apate kulala pale juani. Na siku yake ikifika, aende na usingizi yake mwenyewe, si ya sindano."