Niliipinga Sakafu ya Kuanikia, Nikampoteza Dafroza

Nimekosa, na sitaki mnitafutie sababu. Sababu ninazo mwenyewe, tena nyingi. Nimezigeuzageuza kichwani tangu siku ile na hakuna hata moja inayosimama. Jina langu liacheni. Mkijua natoka kijiji kimoja kando ya lami ya Kasulu kwenda Kibondo, inatosha.

Lami ilipofika kwetu tuliipokea kwa vigelegele. Wengine walifurahia mabasi, sisi wanawake tulifurahia joto lake. Zamani tulianika udaga wetu wa mihogo juu ya mawe, mvua ikija unaokota mihogo pamoja na mchanga. Sasa unaloweka mihogo yako, unaimenya, unaimwaga pembeni mwa lami, na jua likiwaka vizuri inakauka upesi, tena myeupe.

Nyumba yangu iko barabarani kabisa, mahali palipo tambarare, gari unaliona likiwa bado mbali. Kwa hiyo akina mama wote wa upande wetu walianika mbele ya kwangu. Wakishamaliza kutandaza, wanapanda barazani kwangu kulinda mbuzi wasile. Wanakaa hapo mpaka jioni.

Niseme jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Mume wangu alishafariki. Watoto wangu wako Mwanza na Dar, wananipigia sikukuu kwa sikukuu. Baraza lile lilikuwa ndiyo maisha yangu. Wakishaondoka jioni nilikuwa nachelewa kuingia ndani, maana ndani hakuna wa kumwambia hata kwamba chumvi imezidi.

Aliyekaa karibu nami kuliko wote ni Dafroza. Wazazi wake walitoka naye Burundi akiwa mgongoni, akakulia hapa, akaolewa hapa, uraia anao. Tulikuwa tunasemana kama watoto. Yeye aliniambia nina mdomo wa kasuku, mimi nilimwambia nyumba yake mgeni hushiba maji. Akija kwangu hapigi hodi, anapitiliza jikoni na kufunua sufuria.

Basi mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano. Magari yalikuwa yameanza kupita kwa fujo, pikipiki ndiyo usiseme. Mbuzi walikuwa wanagongwa, na mtoto mmoja alikoswakoswa.

"Akina mama, lami siyo uwanja wa kuanikia," mtendaji akasema. "Halmashauri iko tayari kutoa saruji tujenge sakafu moja kubwa ya kuanikia, na barabarani waweke matuta. Sisi tutoe kiwanja na nguvu kazi. Kiwanja kimeshapatikana. Dafroza na mumewe wamejitolea kipande cha shamba lao, nyuma ya zahanati."

Wengine walisikia saruji. Mimi nilisikia nyuma ya zahanati, mbali na kwangu. Niliona baraza langu likiwa tupu, hata mbuzi wa kumfukuza hakuna.

Ningeweza kusimama nikasema, jamani, mimi naogopa kubaki peke yangu. Wangenicheka kidogo, halafu wangenitafutia nafasi, maana watu wa kwetu si wabaya. Lakini niliona aibu, mwanamke mzima kuomba asiachwe. Nikasimama nikasema hivi:

"Leo anatoa kiwanja, kesho tutamwomba ruhusa ya kuanika mihogo yetu wenyewe. Hivi waliokuja juzi ndio watupangie sisi wenyeji pa kuanikia?"

Watu walicheka. Mzee mmoja akapiga makofi. Nilikaa nikiwa nimechangamka, Mungu anisamehe, nikijiona mwanamke wa maana.

Dafroza alikuwa amekaa pamoja nami kwenye kanga yangu, maana ya kwake alikuwa amembebea mjukuu. Hakuhama. Aliniangalia tu, kisha akaitikia taratibu, "Ego, ndiyo. Nimesikia."

Mikono iliponyoshwa, hoja ilianguka. Mtendaji alitubembeleza, akachoka. Saruji ikapelekwa kijiji kingine, na habari ya matuta ikaondoka nayo, kwa sababu yote yalikuwa ombi moja. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilikuwa naisema methali hiyo kuwafundisha wengine.

Dafroza hakunigombeza. Kesho yake alipita mbele ya kwangu na beseni lake kichwani, akanisalimia vizuri, akaendelea mpaka kule chini kwenye kona, karibu na daraja. Akaanika huko peke yake. Wenzangu barazani waliuliza kwa nini. Nikawaambia atarudi, hasira za mkizi hizo.

Kila asubuhi nilimwona akipita. Kila asubuhi nilijiambia leo nitamfuata. Kiburi hicho!

Kona ile gari hulioni mpaka likufikie. Siku moja lori lilishuka mlimani, dereva akamkwepa mtu wa pikipiki, akaingia pembeni. Dafroza alikuwa ameinama anageuza mihogo. Nilisikia kelele nikiwa barazani kwangu, nikajua kabla sijafika.

Hakufa. Alikatwa mguu, juu ya goti.

Baada ya hapo matuta yaliwekwa haraka, na kuanika barabarani kukapigwa marufuku. Akina mama wakarudi kwenye mawe yao, kila mtu uani kwake. Hakuna aliyenitukana. Wakinikuta kisimani wananijulia hali, halafu wanakumbuka kwamba wana haraka. Mabasi yakifika kwenye matuta mbele ya kwangu yanapunguza mwendo, abiria wananitazama nimekaa peke yangu, wanaondoka.

Mume wa Dafroza alimhamishia Busunzu kwa binti yao. Imenichukua muda mrefu, lakini mwaka huu nilijikaza nikaenda.

"Mwakeye," nikamsalimia mlangoni.

"Mwakeye, mama. Karibu," akasema. Hakuwahi kuniita mama.

Nilitaka kwenda jikoni nikamenye chochote, nifanye kazi huku tukiongea. Binti yake akaniwahi na kiti, akakifuta kwa kitambaa. Dafroza akamtuma dukani akaniletee soda. Mimi na Dafroza tumekula sahani moja miaka yote, na sasa ananinunulia soda kama mgeni wa serikali! Akaniuliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja. Akaniuliza kama mvua zimetuanzia.

Njia nzima nilikuwa nimejipanga. Nisamehe, Dafroza, nilikuwa naogopa kuachwa, nikakutupia wewe. Maneno yenyewe si mengi. Nilipofungua mdomo nikauliza maharage huku Busunzu yanauzwaje.

"Yamepanda," akasema.

Nilipoaga alisimama kwa magongo yake, akanisindikiza hadi mlangoni. "Wasalimie akina mama wa barazani," akasema. "Waambie nawakumbuka."

Hakujua kwamba siku hizi haji mtu. Nikamwambia salamu zimefika.

Ndugu msomaji, ukiitwa mkutanoni kuamua mambo ya kijiji, iwe kisima, iwe tuta, iwe choo cha sokoni, na ndani yako kuna hofu, itaje hofu hiyo kama ilivyo, hata kama inatia aibu. Usimtafute mtu wa kumbebesha. Na kama umeshakosa kama mimi, na uliyemkosea bado anakufungulia mlango, mwambie wakati umekaa mbele yake. Mimi nilikunywa soda yote mpaka ikaisha, nikapanda gari nikarudi nyumbani, na sasa nawaandikia ninyi nisiowajua.