Mada Isiyo na R

"Dada, huyo mwanafunzi uliyempangisha, mbona anaongea na sufuria?" jirani yangu Mukunde aliniuliza siku moja. Nikamwambia anatafuta mada. Shuleni kwao watakuja wageni kutoka Tanzania, naye atasimama mbele yao aeleze jambo la fizikia kwa Kiswahili. Shida ni ulimi wake. Kama ndimi nyingi hapa Gikondo, unachanganya r na l. Mwaka jana aliwaomba wenzake "wapige kula", wakamcheka mpaka akakaa chini. Basi sasa kila mada anaionja mdomoni kwanza, huku vidole vyake virefu vinasugua masizi ya sufuria anazonisaidia kuosha. Sauti ikapita. Barafu akaiacha. Jumapili tukitoka kanisani, mvua ilitukuta barazani. Umeme ukamulika juu ya magereji, naye akanishika mkono, akahesabu polepole mpaka ngurumo ikafika. "Mama, umeona? Mwanga unatangulia, sauti inaufuata nyuma! Hii ladi..." Akaziba mdomo kwa kiganja, lakini macho yake, Mungu asifiwe, yalikuwa bado yanacheka. Jioni alikuja jikoni, na sufuria hakuzigusa.

"Mama, wewe umekulia Tabora. Nifundishe kusema radi."